Samaki wa Njia

Kwa miaka kumi na tisa Achola alitoa samaki mmoja katika kila kikapu kilichopita mikononi mwake, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyemwita mwizi. Jina hilo lilimpata akiwa na miaka hamsini na sita, Jumanne moja saa tatu asubuhi, na aliyelileta ni mizani.

Lakini tusianze na mizani, maana mizani haijui kitu. Tuanze na Achola mwenyewe. Alizaliwa Nyakach, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Pap Onditi, akaolewa Dunga, kando ya ziwa pale Kisumu, na mvuvi aliyeitwa Ogola. Ogola alikuwa mvuvi hodari na mlevi wa kiasi, na alipokufa aliacha watoto watatu na boti moja. Watoto aliachiwa Achola. Boti ilichukuliwa na shemeji zake kabla hata turubai la msiba halijakunjwa. Achola akabaki pale ufuoni mkono mtupu, akiangalia boti ya mumewe ikienda na kurudi na watu wengine ndani yake, na ukitaka kujua uchungu ni nini, muulize mtu aliyetazama kitu kama hicho kila asubuhi.

Alikuwa na mambo mawili tu ya kumsaidia. La kwanza ni jicho. Achola alikuwa akitazama shavu la samaki akakwambia ametolewa majini saa ngapi na wavu wa nani. La pili ni Akello. Hawa wawili walikalia dawati moja shuleni mpaka darasa la saba, wakagawana penseli, wakachapwa pamoja. Akello aliolewa karibu na kwao, akawa anakaanga samaki kando ya barabara pale Pap Onditi. Mara mbili kwa wiki alifunga safari mpaka Dunga kununua samaki aina ya ngege, na kila safari ilimla siku nzima.

Ni Akello aliyetoa wazo. "Nyaminwa, wewe uko hapa hapa," alimwambia, kwa neno lile la Kijaluo la kumwita dada wa tumbo moja. "Ninunulie, nifungie, nipakilie kwa gari. Mimi nibaki na moto yangu."

Siku ya kwanza Akello alikuja mwenyewe ili waelewane kuhusu ukubwa. Wakachagua, wakajaza kikapu, wakakifunika kwa majani na gunia, wakafunga kamba. Achola alikuwa amesimama pembeni akijifuta mikono kwenye leso. Watoto watatu walikuwa nyumbani na jiko lilikuwa baridi tangu jana yake. Akello akamtazama, akafungua kamba tena, akamtoa ngege wa juu kabisa, mpana kama sahani, akamtia mikononi mwake.

"Hii ni ya njia," akasema. "Wapelekee watoto."

Ndivyo ilivyoanza. Akina mama wengine wa Pap Onditi walisikia kwamba Akello hapotezi tena siku barabarani, wakaja mmoja mmoja mpaka wakawa wanane. Kila alfajiri Achola alifunga vikapu vinane, na kutoka kila kikapu alitoa samaki mmoja wa njia. Mmoja alikwenda kwa mpakizi pale stejini magari yanapopakia, ndiyo maana vikapu vya Achola havikuwekewa kamwe gunia la saruji juu. Mmoja alikwenda kwa dereva. Mmoja alipewa bibi kizee aliyeosha vikapu. Waliobaki walikwenda kwenye sufuria ya Achola, na wengine aliwauza, sitaficha. Watoto watatu walisoma kwa samaki hao.

Na ulikuwa na utaratibu wake, usidhani ni kudokoa dokoa. Samaki wa njia hutolewa baada ya kikapu kujaa na kupimwa, kwa sababu kabla ya hapo bado ni mali ya mvuvi, na kumchukulia mvuvi samaki ni wizi. Hutolewa juu, si chini, kwa sababu anayetoa chini anaficha. Juu panabaki pengo, na mwenye kikapu akifungua analiona pengo hilo kabla ya kitu kingine chochote. Akina mama wa Pap Onditi walilizoea pengo kuliko walivyozoea sura ya Achola. Kuna wiki moja malaria ilimlaza, mwanamke mwingine akafunga vikapu kwa niaba yake, na Akello akapiga simu kabla hata hajawasha moto.

"Kikapu imejaa," alisema kwa wasiwasi. "Nani amefunga? Uko sawa?"

Achola alicheka kitandani na homa yake. Katika dunia hii hakuwa na boti wala shamba wala mume, lakini alikuwa na jina, na jina lake lilijulikana hata kwa pengo. Hicho ndicho alichokuwa nacho. Nakuomba ukikumbuke, kwa sababu ndicho alichokipoteza.

Kampuni ilikuja Dunga mwaka juzi, ikajiita Ziwa Chapchap. Walileta kontena la bluu, mtambo wa barafu unaotumia jua, kreti za plastiki, na mizani inayotuma uzito kwenye simu bila mtu kuandika. Walileta pia vijana waliovaa viatu vyeupe kwenye matope. Wavuvi waliwacheka kwa siku tatu hivi. Siku ya nne kampuni ilimlipa kila mvuvi kwa simu kabla hajamaliza kukunja nyavu, na kicheko kikaisha.

Msimamizi wao alikuwa Sydney, kijana mpole wa pale pale Kisumu, mwenye adabu ya kuinama akisalimia. Alimtafuta Achola kwa jina. "Mama, nimeambiwa wewe ndiye unajua akina mama wote wa Nyakach," alisema. "Tunataka uwe wakala wetu. Utafanya kazi ile ile yako, lakini kwa simu."

Achola aliuliza kama akina mama wake wataumia. Sydney akamwambia watapata samaki wa barafu, bei moja kwa wote, gari mpaka mlangoni. Na haki isemwe, hayakuwa ya uongo. Samaki walifika Pap Onditi wakiwa baridi na macho yao yanang'aa. Hakuna kikapu kilichooza tena kwa sababu gari limekwama Katito. Achola mwenyewe aliwapigia simu wote wanane, akawashawishi, akamaliza wiki mbili akimfundisha Sydney nani anataka wadogo, nani anataka wa mayai, nani Jumapili hakaangi kwa sababu ya kanisa. Yote yakaingia kwenye simu. Akapewa jaketi la bluu lenye jina lake kifuani, na alilifua kila Jumamosi kwa mkono, hakuliacha lilale na jasho.

Kazi ikawa hivi. Achola anachagua samaki, anajaza kreti, anaiweka kwenye mizani, uzito unaingia wenyewe. Kisha anabandika stika yenye vile viraba vidogo vyeusi. Kisha, kabla ya kufunga kifuniko, anatoa samaki mmoja wa juu.

Hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Na yeye hakuona la kuuliza. Mtu haulizi ruhusa ya kufanya jambo alilolifanya miaka kumi na tisa mbele ya kila mtu. Laiti angemtoa samaki yule kabla ya kupima, isingejulikana mpaka leo. Lakini huyo angekuwa samaki wa mvuvi, na Achola hakuwa mwizi.

Alichokuwa hajui ni kwamba kule mwisho wa safari kulikuwa na mizani nyingine. Dereva wa gari la barafu, Waswa, alikuwa akizipima kreti tena pale kwa Akello, maana Akello ndiye aliyepokea kwa niaba ya wote. Uzito wa Dunga na uzito wa Pap Onditi vilikutana mahali fulani hewani, na kila siku havikulingana. Nusu kilo hapa, nusu kilo na kitu pale, kreti nane, wiki tatu. Mfumo haukupiga kelele. Ulikusanya tu, ukanyamaza.

Jumanne ile Sydney alimwita ndani ya kontena. Waswa alikuwa amesimama huko tayari, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, midomo imemkauka. Ni mtu wa kutoka upande wa Bungoma, baba wa watoto wanne, na mkewe alikuwa mjamzito.

"Mama, pole kukutoa kazini," Sydney alisema. "Nilitaka uwe shahidi. Kuna samaki wanapotea kati ya hapa na Pap Onditi. Kila siku. Gari haliguswi na mtu isipokuwa dereva. System inasema ni dereva."

"Mimi sijagusa," Waswa alisema. Ilionekana ameshasema hivyo mara nyingi asubuhi ile. "Haki ya Mungu, sijagusa kitu."

Achola akacheka. Alicheka kabisa, kwa kufarijika, kama mtu aliyetafuta miwani akaipata kichwani pake. "Wacheni kumsumbua huyu kijana," akasema. "Hiyo hajaiba mtu. Hiyo ni mimi. Ni samaki ya njia."

Waswa alipumua kwa nguvu, akavaa kofia yake, akaivua tena. Sydney hakucheka.

Achola alieleza kila kitu, taratibu, jinsi mtu anavyomweleza mgeni. Alieleza kuhusu kujaa kwanza, kupima kwanza, kutoa juu na si chini. Alieleza kuhusu pengo. Kadiri alivyoeleza ndivyo sura ya yule kijana ilivyozidi kuingia huzuni, na hapo ndipo Achola alipoanza kuhisi baridi ya lile kontena kwenye magoti.

"Mama," Sydney alisema, "si ungetoa kabla ya kupi..." Akaishia hapo, akaangalia meza. "Hiyo iko kwa mkataba wa mtu yeyote? Imeandikwa mahali?"

"Iandikwe ya nini? Waulize wenyewe. Uliza Akello. Ni yeye alianzisha."

Sydney akashukuru kupata mlango wa kutokea. Alimtaka Achola anyamaze, akapiga simu, akaweka sauti ya juu. Kabla ya swali ilimbidi asome maneno ya kampuni: kwamba simu inarekodiwa, na kwamba mteja atakayegundulika kushirikiana na wakala kupunguza mzigo ataondolewa kwenye huduma pamoja naye. Aliyasoma haraka, kama asiyetaka yasikike. Lakini yalisikika.

"Mama Akello, kuna makubaliano yoyote kati yako na Mama Achola, ya yeye kutoa samaki kwa kreti?"

Kwa mbali ndani ya simu yalisikika mafuta yakichemka, na kuku wakilia, na mtu akiita bei ya nyanya. Achola aliijua ile sauti ya mafuta. Alijua hata sufuria yenyewe.

"Makubaliano?" Akello alisema.

"Ndiyo, Mama. Tunaona kreti inafika na upungufu. Huwa ukifungua unaona pengo hapo juu?"

Simhukumu Akello, nataka hilo lijulikane, ingawa kuna siku namhukumu. Magari ya abiria hayakuwa yakibeba samaki tena, mpakizi wa steji alishahamia kazi nyingine, na wavuvi waliuza kila kitu kwa kampuni kabla boti haijakauka. Aliyeondolewa kwenye huduma hakuwa na pa kununua samaki. Akello alikuwa na moto, sufuria, na wajukuu watatu walioachwa na marehemu binti yake. Yote haya ni kweli, na hata yakijumlishwa hayafuti alichosema.

"Pengo gani?" alisema. "Mimi huona imejaa tu."

"Una uhakika, Mama?"

"Mimi napokea tu. Hiyo mambo ingine sijui." Kisha, baada ya kidogo, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Haya."

Achola hakulia wala hakubisha. Angeweza kupayuka kwenye ile simu, angeweza kusema nyaminwa, ni mimi, niko hapa nakusikia. Aliinama, akafungua zipu ya jaketi la bluu, likamshinda kidogo kwenye kiwiko, na Waswa ndiye aliyemsaidia kulivua.

Sydney aliomba msamaha mara tatu. Alisema si yeye. Mtu akikiri, mfumo unajifunga wenyewe, yeye hana hata kitufe cha kuzuia. Alimwonyesha simu, na kweli jina la Achola lilikuwa limegeuka jekundu, na chini yake limeandikwa neno moja: wizi. Hakukuwa na neno lingine la kuchagua. Waliotengeneza ile orodha hawakuwahi kufika Pap Onditi.

Jina jekundu halikukaa ndani ya simu. Kufikia Alhamisi lilikuwa limefika ufuoni, Jumapili likafika kanisani. Watu waliokula samaki wa njia kwa mikono yao, waliompokea mmoja kwake na kumwambia ahsante, walianza kusema kumbe, kumbe huyu mama, miaka yote hiyo. Akina mama saba wa Pap Onditi hawakupiga simu. Bibi kizee wa vikapu peke yake ndiye aliyekuja kumwona. Alikaa, akanywa chai, akauliza kama ni kweli ilikuwa wizi, maana yeye pia alikula, na anataka kujua kama aungame. Achola alimwambia asiungame kitu. Baada ya bibi kuondoka ndipo alipolia.

Alihamia soko la Kibuye, Kisumu mjini. Alipata nafasi ya kuweka gunia chini, kati ya muuza mitumba ya watoto na muuza vitunguu, akawa anapanga nyanya mafungu mafungu. Nyanya hakuzijua. Jicho lake la samaki halikumsaidia kitu. Alinunua mbovu akidhani nzuri, na wateja walizibonyeza wakaziacha. Watoto wake walimtumia kidogo kutoka Nairobi na kumwambia apumzike. Hakutaka kupumzika. Mwezi mzima hakula samaki, na mtu wa Dunga akikwambia hivyo, hakuna haja ya kumuuliza hali.

Simu ya Akello ilikuja mchana mmoja, wiki ya sita, wingu limekaa juu ya mji na watu wakianza kufunika bidhaa zao kwa nailoni. Achola aliliangalia jina mpaka likakaribia kukatika. Kisha akapokea.

"Nyaminwa," Akello alisema.

"Naam."

"Huko kunanyesha?"

"Bado. Inakuja."

Akello alisema kwao imenyesha jana. Alisema mjukuu wa kati ameng'oka jino. Alisema bei ya mafuta imepanda tena. Achola aliitikia kila moja, akisubiri, na mkono wake ukizungusha nyanya ile ile.

"Siku hizi kreti inakuja imejaa," Akello alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mpaka juu. Nikifungua naona imejaa, nafunika tena, naketi kwanza."

Achola aliiweka chini ile nyanya.

"Leo nimetoa moja. Ile ya juu. Nimekaanga pole pole, si ya wateja, nimeweka na nyanya kidogo vile unapenda. Nikafunga kwa karatasi, nikampa Waswa. Nikamwambia gari inarudi Kisumu tupu, apitie hapo Kibuye, akupatie kwa mkono."

Achola aliinuka nusu kutoka kwenye kigoda chake, akatazama upande wa barabara, kama gari la barafu lingetokea sasa hivi.

"Amekataa," Akello alisema. "Ati haina stika. Ati wakifungua gari huko na wapate kitu haina stika, ni yeye atafutwa. Nimembembeleza sana. Ameniambia nikusalimie."

Achola akaketi tena. Alimkumbuka Waswa na kofia yake, na mke wake, ambaye sasa lazima amejifungua. Alitafuta hasira akaikosa. "Amefanya vizuri," akasema. "Yuko na watoto."

"Sasa iko hapa kwa meza."

"Eeh."

"Nimeifunika na sahani."

Pap Onditi si mbali. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na watu hutoka huko kila siku kuja Kibuye kununua mitumba na kurudi kabla jua halijazama. Achola asingeweza kwenda kumchukua samaki yule mwenyewe. Ameshaitwa mwizi mara moja na inatosha. Lakini mtu mwingine angeweza kumleta. Aliwahi kupewa hivyo siku ya kwanza na Akello mwenyewe, mkono kwa mkono, bila gari na bila kuulizwa. Akakaza simu sikioni, asikose neno, akasubiri Akello aseme nakuja.

Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye nyanya.

"Itaharibika," Akello alisema.

"Basi kula wewe," Achola akamwambia, akavuta nailoni kufunika nyanya zake.